Je, Mwanafunzi Aliyenyamaza Amefundishwa?

Wasomaji wetu wanaosafiri kwa barabara ya Morogoro wanaufahamu mji wa Mlandizi. Si mji mkubwa, wala haukuzoea kutajwa sana magazetini. Lakini maji yanywewayo katika sehemu kubwa ya Dar es Salaam husukumwa kutoka mtambo wa Ruvu Juu ulioko hapo Mlandizi. Reli ya umeme, iliyoanza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, yapita katika nchi hiyo hiyo ya Ruvu. Na kule Kwala, katika wilaya ile ile ya Kibaha, bandari kavu ilifunguliwa rasmi tarehe 31 Julai 2025, na kando yake viwanda vyajengwa. Pampu, reli, winchi, mitambo ya umeme: vitu hivi vyote vyahitaji watu wanaoijua kazi. Kama watu hao hawatatoka Mlandizi, Vigwaza, Ruvu na Kisarawe, watatoka kwingine, na vijana wa hapo watasimama langoni wakingoja kuitwa kubeba mizigo.

Wazazi wameliona jambo hilo. Ndiyo maana siku hizi, baada ya Misa ya Jumapili, mazungumzo ya akina baba chini ya mti yanageukia vyuo vya ufundi. Chuo gani kina bweni? Chuo gani kina ada nafuu? Cheti chake chatambuliwa? Maswali hayo ni ya haki, kwa maana mzazi auzaye mbuzi ama kipande cha shamba kwa ajili ya ada hana budi kujua anunuacho. Lakini liko swali jingine ambalo twalisikia mara chache mno, na leo twapenda kulileta mbele ya jamaa zote zisomazo gazeti hili. Mlango wa darasa ukishafungwa, na mwalimu akashika chaki, nini hutokea mle ndani?

Katika madarasa mengi, hutokea hivi. Mwalimu huandika ubaoni, wanafunzi wakinakili. Akiisha kuandika husoma alichokiandika, nao husikiliza. Kisha huuliza, “Mmeelewa?” Darasa zima huitika kwa sauti moja, “Ndiyo, mwalimu!” Mwalimu hufuta ubao, na somo limekwisha. Tumewahi kukaa kwenye benchi la nyuma katika darasa la namna hiyo, katika chuo ambacho hatuna haja ya kukitaja. Kijana aliyekuwa karibu nasi aliitika kwa nguvu kuliko wote. Tukamwuliza kwa sauti ya chini maana ya mstari wa mwisho aliouandika. Akatutazama kwa mshangao, kana kwamba tumemwuliza habari za nchi ya mbali, kisha akatabasamu kwa adabu.

Hapo ndipo lilipo swali letu la leo, nalo ni swali la haki kabla ya kuwa swali la ufundi wa kufundisha. Mwalimu yule alifika kwa wakati. Aliandika vizuri. Hakupiga mtu, hakutukana mtu, hakulewa. Mshahara wake ni halali. Je, amelipa deni lake? Na kijana yule, ambaye mama yake ameuza alichokiuza, je, amepewa alichonunuliwa?

Wako watakaotujibu upesi: mwalimu amefundisha, lakini mwanafunzi hakujifunza, na kosa ni la mwanafunzi. Jibu hilo lafanana na usemi wa mchuuzi asemaye, “Mimi nimeuza, ila yeye hakununua.” Hakuna mauzo ya namna hiyo. Twajua kwamba kuna mwanafunzi mvivu, na kuna asiyetaka kabisa, na hao hakuna mwalimu anayeweza kuwatia elimu kwa nguvu. Lakini sisi twasema habari za mwingine: yule aliyekuja akitaka, akakaa kimya miaka miwili, akaondoka na daftari lililojaa na kichwa kilichobaki vilevile.

Jambo hili si geni duniani. Kama mwaka 400, shemasi mmoja wa Karthago, katika Afrika ya Kaskazini, alimwandikia Mtakatifu Agustino, Askofu wa Hippo, akilalamika kwamba mafundisho yake yanamchosha yeye mwenyewe na kuwachosha wanaomsikiliza. Shemasi huyo aliitwa Deogratias, jina ambalo kwetu ni vigumu kuiona parokia isiyo na mtu wake. Agustino alimjibu kwa kitabu kizima. Hakumshauri kuongeza sauti, wala kuwakemea wanaopiga miayo. Alimwambia amtazame msikilizaji wake. Amwulize kama ameelewa. Kama woga umemfunga kinywa, amwondolee woga huo kwa upole. Na kama amechoka kusimama, ampe kiti akae. Yule askofu mkuu wa elimu, aliyeandika habari za Utatu Mtakatifu na za Mji wa Mungu, hakuona aibu kuandika habari za kiti.

Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Paris, aliulizwa kama mtu aweza kweli kumfundisha mtu mwenzake. Alimfananisha mwalimu na mganga. Mganga hamtii mgonjwa afya kama mtu atiavyo maji mtungini. Mwili wenyewe una nguvu ya kupona, na mganga huisaidia nguvu hiyo. Vivyo hivyo akili ya mwanafunzi ndiyo ifanyayo kazi ya kujua; mwalimu huisaidia kwa ishara, kwa mifano na kwa mpango mwema wa maneno. Tuliposomeshwa hayo seminarini yalikuwa maneno ya mtihani. Tangu tulipoanza kuingia katika madarasa ya ufundi tumeyaona kwa macho. Ikiwa akili ya mwanafunzi haifanyi kazi, basi mle darasani hakuna kazi inayofanyika, hata kama ubao umejaa na chaki imekwisha.

Hapa najua fundi mmoja mzee atatucheka. Atasema: “Mapadre, ninyi mnapenda maneno. Ufundi hauhitaji mazungumzo. Mimi nilijifunza useremala kwa kumtazama bwana wangu. Hakuniambia neno miaka mitatu, na leo milango yangu haikwami.” Tunamheshimu mzee huyo, na asemayo yana ukweli mwingi. Karakana iliyo chini ya mwembe ina jambo moja ambalo vyuo vingi vimelipoteza: mle hakuna mwanafunzi asiye na kazi. Atashika taa, ataokota misumari, atapiga randa. Akikosea, ubao wenyewe utamshitaki mbele ya wote. Hawezi kuitikia “Ndiyo” ikiwa mguu wa meza ni mfupi.

Lakini tumwulize mzee wetu maswali mawili. Je, wenzake walioanza pamoja naye, wote wakawa mafundi? Au wako walioishia kushika taa? Na je, bwana wake alimfundisha yote? Kila mtu ajua desturi ya mafundi kuficha kidogo, ili mwanafunzi asije akafungua karakana yake ng'ambo ya barabara. Mwanafunzi wa namna hiyo hujua afanye nini, lakini hajui kwa nini. Na siku atakapokutana na kazi isiyofanana na ile ya bwana wake, atakwama. Chuo kilijengwa ili kiiongezee mikono sababu. Kama chuo nacho kinatoa maandishi bila sababu, na tena bila kazi ya mikono, basi afadhali mwembe.

Twapenda kutoa mfano, kwa kuwa maneno matupu ndiyo tunayoyalaumu. Chukua somo la uashi juu ya kupima msingi wa nyumba. Kila fundi ajua kwamba kona ya msingi sharti ikae skwea, ama sivyo ukuta utakwenda upande na bati halitakaa sawa. Njia ya kuihakiki ni ya zamani sana: pima meta 3 upande mmoja kutoka konani, pima meta 4 upande wa pili, kisha pima toka alama hadi alama. Ikiwa ni meta 5 kamili, kona ni skwea.

Mwalimu wa kwanza huandika hayo ubaoni kwa mistari minne, nayo hunakiliwa, na katika mtihani hurudishwa kama yalivyo. Somo limechukua dakika kumi.

Mwalimu wa pili huwatoa wanafunzi nje, penye mchanga. Huwapa kamba, vigingi vinne na futi ya kupimia, na kuwaagiza, watu watano watano, waweke msingi wa chumba cha meta 4 kwa 3. Hawaambii neno zaidi. Nao huanza kubishana. Kundi moja lapima pande zote nne, zote sawa, nao washangilia. Mwalimu huja, husukuma kigingi kimoja pembeni na kingine vilevile, na pande zote nne zingali na vipimo vile vile, lakini chumba kimelala kama kitanda kilichovunjika tendegu. Huwauliza, “Vipimo ni sahihi. Mbona chumba kimelala?” Kimya. Lakini hiki ni kimya cha namna nyingine. Ni kimya cha watu wanaofikiri. Kisha binti mmoja, pengine yule ambaye hajanena tangu muhula uanze, asema: “Tupime toka kona hadi kona ya mkabala.” Wapima. Mkono mmoja ni mrefu kuliko wa pili. Wavisogeza vigingi mpaka mikono yote miwili ni sawa, na kipimo chake ni meta 5. Hapo mwalimu aweza kuwaambia kwamba 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla ni 25, na 25 ni 5 mara 5. Na kwamba watu wa kale walilijua jambo hilo kabla ya Kristo kuzaliwa. Kijana aliyefeli hesabu kidato cha nne asikia kwa mara ya kwanza kwamba hesabu ilikuwa ikizungumza habari za nyumba ya mama yake.

Somo hilo limechukua saa mbili. Wako wakaguzi watakaolalamika kwamba mwalimu wa pili amebaki nyuma ya mpango wa masomo. Sisi twauliza, ni nani kati ya hao wawili aliye nyuma? Kamba, vigingi na mchanga havikuhitaji mfadhili wala mradi. Mwaka ujao, asipokuwapo mwalimu, binti yule ataiweka kona yake skwea mahali popote Tanzania, na mtu akimpinga atamwonyesha.

Nchi yetu haikukosa watu walioliona jambo hili mapema. Pale Bagamoyo, katika mkoa huo huo wa Pwani, mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868 waliwafunza watu waliokombolewa utumwani kilimo na kazi za ufundi pamoja na kusoma. Pale Pugu, mpakani mwa Kisarawe, Julius Nyerere alifundisha katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko mpaka alipoacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Na hata alipokuwa Rais, watu waliendelea kumwita Mwalimu. Alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule zimjengee kijana akili ya kudadisi, na moyo wa kujiamini. Pale Kibaha, nchi za Kaskazini ya Ulaya zilianzisha mradi mwaka 1963, wenye shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, ambao ulikabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970 na sasa ni Shirika la Elimu Kibaha. Ndani yake kimo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi.

Vyuo hivyo vya maendeleo ya wananchi vina historia ambayo ni watu wachache wanaoikumbuka. Vilianza nchini mwaka 1975, kwa mfano wa vyuo ambavyo Mwalimu Nyerere aliviona Sweden. Na wazo la Sweden lilitoka Denmark, kwa mchungaji mmoja wa Kilutheri aitwaye Grundtvig, aliyefariki mwaka 1872. Huyo alichoshwa na shule za kukariri Kilatini. Alitaka shule ya wakulima ambamo mwalimu na mwanafunzi huzungumza kwa lugha ya nyumbani, bila mtihani wa kuwatia hofu. Aliiita shule ya uzima, yenye kufundisha kwa neno lililo hai. Chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Basi mtu akiingia katika chuo cha wananchi na kukuta darasa limenyamaza kimya wakinakili, na ajue kwamba mjukuu amemsahau babu yake.

Tangu hapo sheria na mipango haikukoma. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambayo wote twaiita VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na mitaala yake yasema kwamba mwanafunzi apimwe kwa yale awezayo kuyatenda, si kwa yale awezayo kuyaandika. Sera ya Elimu, toleo la 2023, imeingiza mafunzo ya amali hata katika shule za sekondari. Hatuna ugomvi na maandishi hayo, ni mema. Lakini sera haiingii darasani. Anayeingia ni mwalimu.

Tuwe na haki kwa mwalimu huyo pia. Mara nyingi ana wanafunzi arobaini na cherehani sita, au mashine moja ya kuchomelea ambayo nayo inangoja kipuri. Mara nyingi aliajiriwa kwa kuwa ni fundi hodari, akapewa chaki siku ya pili yake. Na fundi hodari si lazima awe mwalimu, kama vile mpishi hodari si lazima ajue kueleza mapishi. Kipo chuo cha kuwafunza walimu wa ufundi stadi pale Morogoro, na kila mwenye chuo, hata wamisionari na majimbo yetu yenye vyuo, wana wajibu wa kuwapeleka walimu wao kujifunza, badala ya kujisifu kwa jengo jipya. Jengo hupigwa picha. Mwalimu aliyefundishwa vizuri hapigwi picha, na pengine ndiyo sababu fedha humpita.

Lakini uhaba wa cherehani hauelezi kila kitu. Tuangalie ni nani wanaokaa kwenye madawati hayo. Wengi wao ni vijana walioambiwa, baada ya mtihani wa kidato cha nne au hata wa darasa la saba, kwamba wameshindwa. Wapo wasichana waliokatiza masomo kwa kupata mtoto. Tangu tarehe 24 Novemba 2021 Serikali imewaruhusu kurudi shuleni, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vimewapokea wa namna hiyo, mahali pengine pamoja na watoto wao wachanga. Wapo pia watu wazima waliofanya kazi miaka kumi bila cheti, wanaomzidi mwalimu kwa mambo fulani na wanaogopa kulionyesha hilo. Hawa wote wamekwisha kujifunza somo moja kabla hawajaingia: kwamba kinywa kikifunguka, aibu huingia. Wakinyamaza, hawamheshimu mwalimu, bali wanajilinda. Na mwalimu akiwaambia, kama tulivyosikia ikisemwa, “Ninyi mngekuwa na akili msingekuwa hapa,” amefunga mlango ambao hakuna vifaa vya thamani yoyote vitakavyoufungua tena.

Wala tusimtupie mwalimu peke yake. Ni nani kati yetu, wazazi, ambaye wageni wakiuliza habari za watoto hutaja kwa sauti kubwa yule aliye chuo kikuu, kisha kwa sauti ya chini husema, “Na huyu mwingine yuko ufundi”? Mtoto anasikia. Aliyemjengea Mwana wa Mungu nyumba ya kukaa Nazareti alikuwa seremala, nasi humwimbia kila mwaka kwa vigelegele mwezi Mei. Kisha twarudi nyumbani na kumwonea aibu seremala wetu.

Tena adabu. Sisi watu wa nchi hizi tumelelewa kwamba mtoto hamkatizi mkubwa maneno, na malezi hayo ni mema. Hatutaki yaharibiwe na darasa la makelele. Lakini kumkatiza mkubwa na kumwuliza mkubwa ni mambo mawili. Babu zetu ndio waliosema kwamba kuuliza si ujinga. Yesu mwenyewe, alipokuwa na miaka kumi na miwili, alikutwa hekaluni katikati ya walimu akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Wala Injili haisemi kwamba walimu wale waliona amewavunjia heshima.

Sasa tufike kwenye jambo linalotutia hofu zaidi kuliko yote. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, na watu zaidi ya 30 walikufa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lingine lilianguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Hatusemi kwamba mafundi ndio waliokosa. Kuhukumu mambo hayo ni kazi ya wenye mamlaka. Lakini kila ajali ya namna hiyo yatufanya tuwaze habari za kijana aliyesimama penye zege.

Kijana huyo aliandika daftarini kwamba zege la kawaida ni saruji ndoo moja, mchanga ndoo mbili, kokoto ndoo nne. Alipata alama zote. Sasa tajiri mwenye jengo, au msimamizi wake, amwambia: “Punguza saruji, ongeza maji, lipate kumwagika upesi, jioni inakaribia.” Kijana atafanya nini? Kama hakuambiwa kamwe kwa nini maji yakizidi hudhuru, kwamba yakiisha kukauka huacha matundu madogo ndani ya zege, na kwamba matundu hayo ndiyo udhaifu wake, hana neno la kujibu. Kipimo alichokariri ni amri ya mwalimu, na hii ni amri ya tajiri. Na tajiri yuko karibu zaidi. Ataitika, “Ndiyo, bosi.” Kwa nini asiitike? Miaka miwili alizoezwa kuitika hivyo. Hakuna siku hata moja aliyosimama mbele ya mkubwa akasema, kwa heshima, “Samahani, mwalimu, hapo sikuelewa,” ama “Nadhani hapo pana kosa.” Hatuwezi kumtazamia apate mbele ya tajiri ujasiri ambao hatukumruhusu kuujaribu mbele ya mwalimu.

Twajua kwamba ujuzi peke yake haumfanyi mtu kuwa mwema. Wako wajuzi wanaoipunguza saruji wakijua wanachofanya, na hao wana dhambi kubwa zaidi. Hata hivyo dhamiri haifanyi kazi gizani. Mtu hawezi kukataa ubaya asioweza kuuona, na ni vigumu kuukataa kwa sauti akiwa hakupata kuisikia sauti yake mwenyewe. Kwa hiyo mwalimu anayemwuliza mwanafunzi swali la kweli, akangoja jibu, akavumilia jibu baya, na kumrudisha polepole mpaka alione kosa lake mwenyewe, anafanya zaidi ya kumpa ufundi. Anamzoeza kuwa mtu awezaye kujibu kwa ajili ya kazi yake.

Kungoja huko ni kugumu. Tunawasihi walimu wajaribu jambo hili moja tu: baada ya kuuliza swali, wahesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kujijibu wenyewe. Wataona jinsi sekunde kumi zilivyo ndefu. Wasiulize “Mmeelewa?” ambalo halina jibu ila ndiyo, waseme, “Nionyeshe.” Wamruhusu mtu mzima aliyefanya kazi miaka kumi awaonyeshe wenzake mkono wake, mwalimu hatapungukiwa na kitu. Na waruhusu mbao ziharibike. Tunajua mbao ni ghali, na mweka hazina wa chuo atanung'unika. Lakini mbao isiyoharibiwa chuoni itaharibiwa kwa mteja, na mteja huyo hatarudi.

Kwa wazazi wa Mlandizi, na wa kila mahali gazeti hili lifikapo, twasema hivi. Masomo ya vyuo vingi vya ufundi stadi huanza Januari. Kabla hamjalipa ada, ombeni ruhusa ya kukitembelea chuo siku ya kazi, si siku ya sherehe. Msitazame rangi ya ukuta. Tazameni mikono ya wanafunzi kama ina vumbi la mbao au ni safi. Tazameni zana: zile ambazo mpini wake umechakaa zatumika, zile zinazong'aa kabatini zimewekwa kwa ajili yenu. Kisha mwendeeni mwanafunzi yeyote, asiwe yule mliyechaguliwa na mkuu wa chuo, na mwulizeni kazi aliyo nayo mkononi ni kitu gani, na kwa nini anaifanya hivyo na si vinginevyo. Mpeni nafasi. Ikiwa atawaeleza, hata kwa maneno ya kukwamakwama, mwandikisheni mtoto wenu hapo, ijapokuwa paa linavuja. Ikiwa atageuka kwanza kumtazama mwalimu, basi mkaongee na mwalimu huyo kwa upole kabla ya kutoa fedha, mumwulize wanafunzi wake humwuliza nini.